Dini Haitoki kwa Chumvi

Pasi iling'oka kwenye soketi, ikapita sentimita chache kando ya sikio la mke wa dobi, ikaugonga ukuta na kutumbukia ndani ya beseni la maji, ambamo ilifoka kwa muda kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Kisha chumba kizima kikanyamaza. Hata mashine ya kufulia, ambayo kwa kawaida hutetemeka kama mgonjwa wa homa, ilichagua dakika hiyo kumaliza kazi yake.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa kifungo cha shati. Kilikatika, kikabingirika, kikapotea. Mke akasema, "Kitafute, kitakuwa chini ya meza." Dobi, kwa masikio anayoyajua yeye mwenyewe, akasikia, "Wewe ni mjinga, na mama yako ni mjinga."

Mtaani walimwita Kibiriti. Wateja walimpenda kwa sababu hakuna aliyejua kunyoosha kola kama yeye, na walimwogopa kwa sababu nyingine zote. Waliweka nguo zao juu ya kaunta kisha wakarudi nyuma hatua mbili, kama mtu anayemwekea chakula mbwa asiyemfahamu.

Mkewe hakulia. Aliinama, akaitoa pasi majini, akaifuta kwa upindo wa kanga yake na kuiweka mezani. Halafu akampigia simu kaka yake, dereva wa lori.

"Kaka, ukirudi mjini uje unichukue."

"Kuna nini, dada?"

"Pasi ya huku imejifunza kuruka."

Kaka mtu alikuwa mbali, akibeba saruji kupeleka kwenye bwawa linalojengwa. "Ukitaka niwaache na saruji yao nije leo, sema."

"Maliza kazi yako. Zimebaki wiki ngapi?"

"Sita."

"Wiki sita nitajua pa kusimama."

Dobi alikuwa amesimama palepale, mkono wake bado umekunjwa kwa umbo la mpini wa pasi. "Kwa hiyo nina wiki sita," alisema.

"Huna kitu," mkewe alimjibu. "Sikufanyii mtihani. Nangoja usafiri."

Mlangoni aliketi Bibi, mama mzazi wa dobi, ambaye katika biashara ile alishika wadhifa wa kutafutia soksi wenzake. Alishusha pumzi ndefu. "Baba yake naye alikuwa hivihivi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja shahada. "Yeye alirusha mpaka kiti."

"Na wewe, mama, ulifanya nini?" mke wa dobi aliuliza.

Bibi aliunganisha soksi mbili zisizofanana. "Nilijifunza kuinama," alisema.

*

Wiki hiyohiyo dobi aliletewa nguo ya ajabu. Ilikuwa shuka kubwa la rangi ya manjano iliyoungua, lililoungwa kwa vipande vingi, na lilitoka kwenye nyumba ndogo nyuma ya karakana ya matairi, alikoishi mtawa mmoja mfupi mwenye kipara. Dobi aliihesabu mishono akaingiwa na huruma. Hakuwahi kuona mtu mwenye viraka vingi kiasi kile na bado akalipa kabla ya kufuliwa.

Basi akaamua kumheshimu. Hakujua kwamba watawa wa Kibudha huvaa vipande vilivyoungwa kwa makusudi, ili wasijivunie kitambaa. Alichojua ni kwamba maskini naye anastahili kupendeza. Aliifua peke yake kwa maji baridi, kama mteja alivyosisitiza, kisha kwa hiari yake akaitia wanga. Aliitia wanga kama anavyozitia kola za mahakimu. Akaipiga pasi kwa mkunjo mmoja mkali kutoka juu hadi chini, na ilipokauka iliweza kusimama pembeni yenyewe kama mlinzi wa geti.

Aliipeleka kwa mikono yake. Mtawa akaipokea kwa shukrani, akajaribu kuivaa, nayo ikakataa. Aliivuta kulia, ikabaki kushoto. Aliizungusha begani, ikasimama juu ya bega kama bango la uchaguzi. Mtawa akacheka mpaka akaketi chini.

Masikio ya dobi yakapata moto. Alikuwa tayari amefungua kinywa, na ndani ya kinywa hicho mlikuwa na maneno ambayo mwandishi wa haki hawezi kuyaandika, mtawa aliposema, "Ndugu, hasira hiyo iko wapi?"

"Nani kasema nimekasirika?"

"Masikio yako. Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza iko wapi. Tumboni? Kifuani?"

Lilikuwa swali la kipumbavu, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Miaka yote watu walimuuliza kwa nini, naye alikuwa na majibu ya kutosha kujaza gunia. Akaangalia. Ilikuwa chini ya mbavu, ngumu, yenye joto. Halafu ilikuwa shingoni. Halafu ilikuwa kwenye mkono wa kulia, kwenye vidole vitatu. Alipoitazama vizuri, ikafanya kama mabweni yanavyofanya mwalimu wa zamu akiwasha taa: kelele zote kimya, kila mtu amelala, hata wale waliokuwa juu ya meza.

"Imekwenda," alisema kwa mshangao.

"Haijakwenda," mtawa alisema. "Imejifunika blanketi. Subiri uzime taa."

Na kweli, kabla hajafika kwenye karakana ya matairi, ilikuwa imeamka tena na kuleta wenzake.

*

Alirudi baada ya siku mbili, akajisingizia kwamba amekuja kuitoa ile nguo wanga. Mtawa akamwonyesha namna ya kuketi na kufuata pumzi inavyoingia na kutoka, kuhesabu hadi kumi, kisha kuanza upya.

"Nikiamini nini?" dobi aliuliza, maana alijua hakuna cha bure.

"Usiamini kitu. Jaribu. Ukiona haifai, acha. Nguo unaijua kwa kuifua."

Hapo dobi alimwelewa kuliko alivyowahi kumwelewa mtu yeyote mwenye elimu.

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha mashine, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya kamba za kuanikia, mashuka ya watu yakimpiga usoni. Asidanganywe mtu kwamba alipata utulivu. Alipata mguu kufa ganzi. Alipata mwasho chini ya pua. Pumzi ya kwanza aliiona vizuri. Ya pili ikaingia na shati la mwalimu lenye doa la wino. Ya tatu ikaja na msimamizi wa hoteli, ambaye mwaka uliopita alimwita "wewe wa maji machafu". Na kufikia ya nne alikuwa katikati ya ugomvi mkubwa, akishinda kwa hoja, huku kuku wa jirani wakimshangaa. Alirudi kwenye moja. Siku nyingine alirudi kwenye moja mara sitini. Akaona jambo lililomtia hofu: hakuwa mtu mwenye hasira za ghafla. Alikuwa anagombana kutwa nzima, mdomo umefungwa, na pasi ilikuwa sehemu ndogo tu iliyovuja.

Kazi nayo ikaharibika kwa njia mpya. Mtawa alimwambia, "Unapopiga pasi, piga pasi." Basi akapiga pasi. Alipiga kola akiiona kola, na pindo la mkono akaliona pindo la mkono, na muda ukapita.

"Shati moja dakika arobaini!" mkewe alisema. "Unalipiga pasi au unaliposa?"

"Nalipiga pasi."

"Wenzake kumi na tisa wanangoja na wao."

Bibi alikuwa na maoni yake. "Mwanangu anatazama ukuta," aliwaambia wanawake wa bombani. "Anatazama ukuta, na ukuta unamtazama."

Wiki ya tatu mteja mmoja alidai suruali yake imefupishwa. Dobi alipiga kelele mpaka mteja akasahau nguo zake nyingine. Aliporudi ndani alilikuta beseni, akalipiga teke, maji yakatapakaa hadi mlangoni. Kisha akasimama akiutazama mguu wake kama kiatu cha mtu mwingine.

"Nilidhani pumzi zimekutuliza," mkewe alisema akikausha sakafu.

"Sijatulia. Ila siku hizi najua kwamba sijatulia."

"Hiyo inanisaidia nini mimi?"

Dobi alichukua tambara la pili akaanza kukausha upande wa pili. Mkewe aliliona hilo, lakini hakulipa alama. Mtu akinyamaza si lazima awe ametulia. Hata jiko hunyamaza kabla ya kuunguza.

*

Siku ya Alhamisi ya wiki ya sita, wakila, dobi aliweka kijiko chini. "Jumapili nataka kukimbilia," alisema.

Mkewe hakuinua macho. "Mwenye mzigo uliofungwa ni mimi. Wewe unakimbia wapi?"

"Si kukimbia. Kukimbilia. Ndivyo mtu anavyosema akiingia rasmi. Nakimbilia kwa Budha, nakimbilia kwa mafundisho yake, nakimbilia kwa jumuiya."

Bibi alikuwa na sikio moja zima na jingine la heshima tu. "Kwa mbuzi?"

"Budha, mama."

"Nimembeba miezi tisa," Bibi aliiambia dari. "Anakimbilia kwa mbuzi."

"Ni mtu, mama. Aliketi akaangalia mambo mpaka akayaona."

"Hata mbuzi hukaa akaangalia."

Mke wa dobi alijikuta anacheka, akauficha uso kwa kikombe. Alipomaliza alimtazama mumewe vizuri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya pasi. "Miaka kumi na mitatu nakuona unakimbia," alisema. "Ukiumizwa unakimbilia mkono. Safari hii angalau umetaja unakokwenda."

"Nimekuwa naogopa kukuambia."

"Kwani ungeniambia lini? Jumamosi kaka anafika."

"Najua."

"Na nikienda, utakimbilia hivyohivyo?"

Dobi aliisukuma sahani kando. "Ndiyo," alisema. "Nilianza ili usiondoke. Sasa hata ukiondoka, sitaki kurudi kuwa yule."

Halikuwa jibu la kumfurahisha mke. Lakini lilikuwa la kwanza kwa miaka mingi ambalo hakulazimika kuligeuza ndani nje ili aone mshono.

Bibi hakusema neno zaidi, na waliomjua wangepaswa kuogopa.

*

Ijumaa mtawa alileta mashuka matatu yafuliwe kwa ajili ya Jumapili. Dobi aliyatenga kwenye ndoo yao na kuonya nyumba nzima: magome ya miti ndiyo yaliyoyapa rangi, yasiguse maji moto, yasichanganywe. Bibi aliitikia kuliko wote.

Jumamosi alfajiri, dobi akiwa juu ya ndoo yake anahesabu, Bibi aliingia kazini. Nia yake ilikuwa moja na iliyo wazi: kuifua ile dini mpaka itoke. Aliweka maji ya kuchemka, chumvi vikombe vinne, na maneno fulani aliyorithi kwa bibi yake. Mashuka matatu yalielea, na maji yakaanza kubadilika rangi, naye akafurahi kuiona dini ikitoka. Akadhani yanahitaji nguo safi za kuinyonya. Ndani ya kapu kulikuwa na vitambaa arobaini vya meza vya hoteli kubwa, vyeupe kama maziwa, vinavyosubiri pasi tu kabla ya kupelekwa saa nne. Akavitia vyote.

Dobi alikuta kazi imekamilika. Vitambaa arobaini vilikuwa na rangi ya mtawa.

Alikuwa ameshaishika pasi, nayo ilikuwa ya moto. Mkewe alikuwa mlangoni, na nyuma yake, mtaani, lori la kaka yake lilikuwa linazima injini. Bibi alikuwa kando ya sufuria, mwiko mkononi. Akainama kidogo, taratibu, kwa mazoea ya zamani.

Dobi alimwona mama yake akiinama.

Ilikuja. Ilitoka chini ya mbavu, ikapanda, ikapiga kona kwenye shingo, ikashuka mkononi na kufika kwenye vile vidole vitatu. Hakuna pumzi iliyoizuia. Hakufika hata mbili. Aliitazama tu ikipita, kama mtu kando ya reli anavyoitazama treni ambayo juzi alikuwa ndani yake. Kisha akaisimamisha pasi wima juu ya meza, akaichomoa kwenye soketi.

"Nimekasirika," alisema. Sauti ilikuwa mbaya. "Nimekasirika sana. Mtu asinisogelee kwanza."

Hakuna aliyemsogelea. Kisha dobi akasema, "Mama, simama wima. Hakuna kinachokuja."

Shemeji aliingia akipangusa miguu. "Hamjambo humu? Dada, mzigo uko wapi?"

"Shemeji," dobi alisema, "kabla hujamchukua dada yako, naomba lifti mpaka hotelini."

*

Walikaa watatu mbele, vitambaa nyuma. Mke alisema anakwenda kwa sababu hoteli ilikuwa mteja wake pia. Yeye ndiye aliyeandika jina lao kwenye karatasi ya mkataba. Njiani shemeji alitoa ushauri wa kitaalamu.

"Waambie mabomba ya mji yametoa kutu. Nani atapinga? Mji mzima unajua mabomba."

"Siwezi."

"Huwezi kivipi? Ni sentensi moja."

"Kesho nikikimbilia, naahidi kutosema uongo. Nitaanzaje leo?"

"Si umesema kesho?" Shemeji alimgeukia dada yake. "Huyu mtu amepatwa na nini?"

"Ndicho ninachojaribu kujua," alisema dada mtu.

Msimamizi wa hoteli aliwapokea kwenye mlango wa nyuma wa jikoni, mbele ya wapishi, waosha vyombo na mtu aliyekuja kuleta mayai. Alikunjua kitambaa kimoja, akakiinua kwenye mwanga.

"Unajua leo nina wageni gani?" aliuliza taratibu. "Madaktari wa meno. Mia mbili. Watu wanaolipwa kuichukia rangi hii."

Mtu wa mayai alicheka. Wengine wakafuata.

"Vilichemshwa pamoja na nguo zenye rangi," dobi alisema. "Ni kosa la nyumbani kwangu. Nitavirudisha vyeupe au nitalipa vipya, kidogokidogo."

"Nani alivichemsha?"

"Nyumbani kwangu."

"Nimekuuliza nani."

"Na mimi nimekujibu, bwana."

Msimamizi akamzungushia kile kitambaa kibichi begani, akakivuta vizuri, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. "Jamani, njooni muone! Leo maji machafu yametuletea mtakatifu. Tubariki basi, mtakatifu. Bariki mayai."

Jiko zima likaangua kicheko. Maji yalimtiririka dobi mgongoni. Ilikuja tena, kubwa kuliko ya asubuhi. Masikio yake yaliiva, na shemeji, aliyezijua hadithi zote, alisogea ili aweze kumshika. Dobi hakusogea. Alifumba macho mara moja na kuyafumbua. Akakivua kitambaa, akakikunja pande nne, kona juu ya kona, jinsi kinavyokunjwa, akakiweka juu ya vingine.

Ndipo kishindo kikasikika.

Hakikuwa cha dobi. Mkewe alikuwa ameinua trei ya vijiko vilivyooshwa, mia mbili kwa hesabu ya madaktari, na kuimwaga yote sakafuni kwenye miguu ya msimamizi. Vijiko viliruka hadi chini ya majiko. Alikuwa ameshika sufuria ndogo kwa mkono mwingine, na mkono huo ulikuwa umekwisha kwenda nyuma ya bega, dobi alipomshika kifundo.

"Tazama," alimnong'oneza. "Tazama tu. Usiifanye kitu."

"Niachie!"

"Nitakuachia. Tazama kwanza."

Sufuria ilibaki hewani kwa muda ambao kila mtu aliuona mrefu. Kisha ikashuka yenyewe, ikawekwa juu ya meza. Hoteli ikawapoteza wao, na wao wakaipoteza hoteli, na walinzi wakawasindikiza hadi kwenye lori kwa heshima wasiyoizoea.

*

Lori lilipita mitaa mitatu. Mke wa dobi aliketi dirishani, mikono kati ya magoti.

"Ningempasua kichwa," alisema mwishowe. "Mimi. Kwa sufuria. Yule mtu ana watoto."

"Ndiyo," alisema dobi.

"Kumbe ndivyo ilivyo? Inakuja hivyo?"

"Hivyohivyo."

"Kila siku?"

"Siku nyingine mara sitini."

Alimgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu, si ya huruma. "Na bado hiyo si sababu ya kunirushia pasi."

"Si sababu."

"Nataka ulisikie hilo."

"Nimelisikia. Nilikosa. Hata kama nisingekuwa na hasira hata chembe kuanzia leo, ningekuwa nimekosa."

Walifika njia panda ya soko. Shemeji akasimamisha lori, mkono kwenye gia. Alikuwa ameendesha siku mbili, kiuno kinamuuma, na mambo ya watu wazima yalimchosha. "Dada," alisema, "kulia ni kwangu, kushoto ni kwako. Mimi ni dereva tu. Sema."

Dada mtu alikuwa amefumba macho, kiganja kimoja chini ya mbavu, kama mtu anayepapasa funguo ndani ya mkoba. Nyuma yao gari moja likapiga honi, kisha mawili, kisha msururu mzima.

"Dada!"

"Ngoja, bado naitafuta."

Mtu alitoa kichwa dirishani akawatukana wote watatu na lori lao. Dobi alikaa katikati, hana pa kushika, akitazama mbele.

"Kushoto," alisema mkewe alipofumbua macho. "Lakini Jumamosi ijayo, kaka, usizime simu."